MWASHO ULIOTOKA BANDANI
Somo juu ya upele, funza na wadudu wengine wa ngozi wanaotoka kwa wanyama



Tunapotembelea vikundi, mara nyingi jambo kubwa halisemwi ndani ya mkutano. Husemwa nje, watu wakishaanza kutawanyika. Mama mmoja anakuvuta kando, anakunja mkono wa blauzi na kukuonyesha vipele. "Huu ni mwezi wa pili," anasema. "Nimepaka kila kitu. Usiwaambie wengine."

Ugonjwa wa ngozi una aibu kwa sababu unaonekana. Mwenye kikohozi huambiwa pole, lakini mwenye upele huambiwa hajui kuoga. Kwa hiyo watu huficha, na anayeficha hapati ushauri mzuri. Katika somo hili tutaona kwamba mara nyingine mwasho hauletwi na uchafu wa mtu wala na jirani, bali na mnyama tunayemfuga wenyewe. Na tusipomtibu huyo mnyama, kumpaka mtu dawa ni kutwanga maji kwenye kinu.

Kwa anayeongoza somo: Gawanya somo hili kwa vikao viwili. Katika kikao cha kwanza soma kisa kwa sauti, polepole, kisha mjibu maswali. Katika kikao cha pili mjifunze juu ya wadudu na mpange kazi. Usimlazimishe mtu yeyote kuonyesha ngozi yake mbele ya wengine.

KISA: MSUSI WA SOKO LA KENYATTA

(Kisa hiki tumekipanga kwa ajili ya mafunzo. Mtu mwenyewe hana jina, lakini mambo yaliyompata mtayatambua.)

Wengi wenu mnalijua soko la Kenyatta jijini Nairobi, ama mna binti au dada anayetafuta riziki huko. Liko jirani na Hospitali Kuu ya Kenyatta, na Kibera si mbali. Watu hulifuata kwa mambo mawili hasa: nyama choma na kusukwa nywele. Upande mmoja moshi wa mbuzi unapanda, upande mwingine wasusi wanaita wateja, "Dada, njoo nikusuke!"

Msusi mmoja alikuwa na akili ya biashara. Aliona kila Desemba bei ya mbuzi inapanda. Basi mwezi wa Novemba akachukua akiba yake, akanunua mbuzi watatu kutoka mashambani, akawafuga kwenye kibanda nyuma ya nyumba anayopanga. Hesabu yake ilikuwa wazi: auze mbuzi wiki ya Krismasi, na mwezi wa Januari alipe karo ya watoto.

Mbuzi wawili walikuwa na magamba kidogo kwenye masikio na kuzunguka mdomo, na manyoya yamenyonyoka. Muuzaji alimwambia, "Hiyo ni vumbi ya safari tu. Waoshe." Akawaosha. Aliwashika kifuani, mmoja mmoja, akawasugua kwa sabuni. Mtoto wake wa darasa la pili ndiye aliyekuwa akiwapa majani jioni, na yule mdogo kabisa alimbeba kama mtoto.

Siku mbili baadaye mikono ya mama ilianza kuwasha, kutoka kiwiko kwenda chini, na tumboni pia. Mtoto naye akajikuna kifua na mapaja. Mama akanunua dawa ya upele dukani, wakapaka. Mwasho ukapungua siku chache, ukarudi. Akanunua tena, ukapungua, ukarudi tena.

Sasa, msusi hufanya kazi kwa mikono yake, na mteja anakaa chini yake saa tatu, saa nne, akiiona hiyo mikono. Siku moja mteja aliuliza, "Hivyo ni vipele gani?" Hakungoja jibu. Aliinuka nywele zikiwa nusu, akahamia kiti cha pili. Kufika jioni soko lote lilikuwa na habari. Jumapili, kwenye chama chao cha kuzungushiana pesa, mwenyekiti alimwambia kwa upole, "Mama, pesa zako tuma tu kwa simu. Usije mpaka upone." Mwalimu naye akamrudisha mtoto nyumbani.

Ndipo akaenda kituo cha afya. Muuguzi alimtazama katikati ya vidole, akatazama viganja, akatazama mikono. Halafu akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameuliza: "Nyumbani kwenu mna mnyama gani?"

"Mbuzi watatu tu, sista. Ni wa Krismasi."

"Nao wanajikuna?"

Mama akanyamaza. Alikumbuka jinsi walivyokuwa wakijisugua kwenye mabati ya kibanda usiku kucha.

Daktari wa mifugo alipokuja alikwaruza ngozi ya mbuzi mmoja kwa wembe, akaangalia kwenye hadubini, akakuta wadudu wa upele. Akawadunga mbuzi wote watatu, hata yule aliyeonekana mzima, na akasema atarudi baada ya wiki mbili kuwadunga tena. Kisha akaongeza neno moja: "Mbuzi hawa hawachinjwi Krismasi. Dawa hii hukaa katika nyama. Lazima wiki kadhaa zipite baada ya sindano ya mwisho, kama chupa ilivyoandikwa."

Hapo ndipo mtihani ulipokuwa. Shemeji yake alimwambia, "Uza kimya kimya. Nani atajua? Nyama ikishachomwa ni nyama." Mama hakulala usiku huo. Karo ilikuwa pale bandani, imesimama kwa miguu minne. Lakini aliwaza: wale watakaokula ni wateja wa soko lile lile, na wengine wao ni watu anaowasuka.

Hakuuza. Mwasho wake na wa mtoto ulikwisha katika muda wa wiki mbili hivi baada ya mbuzi kutibiwa, bila dawa nyingine. Muuguzi alimwandikia karatasi ya kupeleka shuleni. Naye akaipeleka ile karatasi kwenye chama pia, akaisoma yote kwa sauti. Mwenyekiti aliomba radhi mbele ya wote, na chama kikampa mkopo wa karo mpaka mwisho wa Januari, alipouza mbuzi. Bei ilikuwa imeshuka, kama ilivyo kila mwaka baada ya sikukuu. Faida ilikuwa ndogo, lakini deni alilipa.

Maswali ya kuzungumzia

1. Ni nani walimhukumu huyu mama kabla ya kujua chanzo? Sisi tungefanya nini?
2. Kwa nini dawa ya dukani ilipunguza mwasho lakini haikuumaliza?
3. Mngekuwa ninyi, mngeuza wale mbuzi Krismasi? Semeni ukweli.
4. Chama kilikosea wapi, na kilifanya vizuri wapi?

UPELE: WA MTU NA WA MNYAMA SI SAWASAWA

Upele huletwa na mdudu mdogo sana wa jamii ya utitiri. Kwa macho huwezi kumwona vizuri. Jike huchimba njia ndani ya tabaka la juu la ngozi na kutaga humo mayai 2 au 3 kila siku. Mwasho unatoka kwa mwili wenyewe, unaomkataa mdudu na uchafu wake.

Mdudu huyu ana aina mbalimbali, na kila aina ina mwenyeji wake: mtu, mbwa, nguruwe, mbuzi na kadhalika. Wa mnyama akimpanda mtu huuma na kuwasha, lakini hawezi kuendelea kuzaana hapo kizazi baada ya kizazi. Ni kama mgeni aliyeingia nyumba isiyo na chakula. Atasumbua kidogo, kisha atakufa. Lakini kama kila asubuhi unaingia bandani, kila asubuhi unapata wageni wapya. Ndiyo sababu mwasho wa yule mama ulirudi kila mara.

Tazameni tofauti hizi:

Upele wa mtu: Mara ya kwanza huchukua wiki 4 hadi 6 tangu kuambukizwa mpaka kuwasha. Huwasha zaidi usiku. Hupenda katikati ya vidole, viganja vya mikono, kiuno, matiti na sehemu za siri. Huambukiza kwa kugusana ngozi kwa muda mrefu, kama kulala kitanda kimoja. Hauishi wenyewe.

Upele wa mnyama: Huanza haraka, mara nyingi siku moja au mbili baada ya kumshika mnyama. Hutokea pale mnyama alipogusa: mikono, kifua, tumbo, mapaja. Kwa kawaida hautoki kwa mtu kwenda kwa mtu mwingine. Mnyama akitibiwa au akiondolewa, huisha wenyewe katika wiki chache.

Kwa hiyo wateja na wanachama walimwogopa msusi bure. Hata hivyo usijipime mwenyewe kwa kusoma jarida tu. Mtu anaweza kuwa na upele wa mtu na huku ana mbuzi nyumbani. Nenda kwa mhudumu wa afya, na mweleze habari za wanyama wako hata asipouliza.

Upele wa mtu ukithibitishwa, nyumba nzima ipake dawa siku moja, hata wasiowashwa. Dawa zinazotumika ni kama permethrini, benzili benzoeti, na salfa ya kupaka, ambayo hutumiwa hata kwa watoto wachanga na akina mama wajawazito. Vidonge vya ivermektini hutolewa pia, lakini si kwa wajawazito wala kwa watoto wa chini ya kilo 15. Nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Zisizofulika zifungwe kwenye mfuko kwa siku kadhaa, kwa maana mdudu wa mtu hawezi kuishi zaidi ya siku 2 au 3 nje ya mwili. Na msiogope: mwasho unaweza kuendelea wiki 2 hadi 4 hata wadudu wakiwa wamekufa. Kupaka na kupaka tena bila kuambiwa huchoma ngozi tu.

Msidharau vidonda vya kujikuna. Vikiingia usaha, viini vyake vinaweza kufika mbali, hata kudhuru figo za mtoto. Mtoto aliyekuwa na vidonda kisha akavimba uso au mkojo ukawa wa rangi ya chai, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

KUMTAMBUA NA KUMTIBU MNYAMA

Mbuzi mwenye upele hujisugua kwenye nguzo, hunyonyoka manyoya, na ngozi yake huwa nene yenye magamba, hasa masikio, kuzunguka macho na mdomo, na miguu. Mbwa huanzia kwenye kingo za masikio, viwiko na tumbo. Nguruwe huonyesha ndani ya masikio. Mnyama hukonda, maziwa hupungua, na ngozi yake huharibika, hata haina bei.

Fanyeni hivi:

Mwiteni afisa wa mifugo. Kenya tangu 2013 huduma za mifugo ziko chini ya serikali za kaunti, kwa hiyo ulizeni ofisi ya kaunti ndogo yenu. Kikundi kikimwita pamoja, gharama ya safari yake hugawanywa.

Tibuni wanyama wote wanaolala pamoja, si yule mgonjwa tu. Dawa moja haimalizi mayai, kwa hiyo ya pili ni lazima, kwa tarehe atakayoandika daktari.

Safisheni banda. Toeni majani na samadi ya zamani, anikeni au chomeni. Banda lenye unyevu na baridi huwaweka wadudu hai zaidi ya lile linalopigwa na jua.

Mnyama mpya akae peke yake wiki 2 au 3 kabla ya kuchanganywa na wengine. Msikubali maneno ya "vumbi ya safari".

Heshimuni siku za dawa. Baada ya sindano, nyama na maziwa havitumiki mpaka siku zilizoandikwa ziishe. Andikeni tarehe ukutani.

Onyo kubwa: dawa ya mnyama haimpasi mtu. Ivermektini ya mifugo imetengenezwa kwa mwili wa mnyama, na kipimo chake kinaweza kumdhuru mtu. Na dawa ya josho la kupe ni sumu. Tumesikia watu wakijipaka hiyo kwa sababu "inaua haraka". Usithubutu. Hata kwa mbwa msikadirie ivermektini wenyewe, maana kuna jamii za mbwa ambazo huwadhuru vibaya.

JE, NYAMA CHOMA INALETA UPELE?

Swali hili huulizwa kila mahali. Jibu ni hapana. Mdudu wa upele anaishi kwenye ngozi, na ngozi huchunwa. Tena joto la nyuzi 50 kwa dakika 10 linamuua, na moto wa makaa unapita hapo mbali. Anayejihatarisha ni yule anayemfuga mnyama, anayembeba, anayemchinja na anayemchuna. Mlaji hana shida na upele.

Lakini hii haina maana kwamba nyama yoyote ni salama. Kuna magonjwa mengine ambayo hupita kwenye nyama, na mabaki ya dawa pia. Ndiyo maana Sheria ya Udhibiti wa Nyama ya Kenya, ya mwaka 1972, inataka mnyama akaguliwe na nyama ipigwe muhuri. Ukinunua, iwe soko la Kenyatta au kwa mchinjaji wa kijijini, tafuta muhuri.

FUNZA: MGENI ALIYEVUKA BAHARI

Mdudu wa pili ni funza, ambaye wengine humwita tekenya. Huyu ni jamii ya kiroboto. Asili yake si Afrika. Alitoka Amerika ya Kusini. Inasimuliwa kwamba mwaka 1872 meli iliyotoka Brazil ilimshusha katika pwani ya Angola. Kutoka hapo alifuata miguu ya wapagazi na misafara, na kabla ya karne ya 19 kwisha alikuwa amefika Zanzibar na pwani ya Afrika Mashariki. Tazameni basi: funza hakuletwa na laana ya ukoo wala uchawi. Aliletwa na meli.

Jike ndiye anayeingia kwenye ngozi, mara nyingi kandokando ya kucha, kisigino na nyayo. Akiingia ni mdogo chini ya milimita moja, na baada ya siku chache amevimba kama punje ya mbaazi. Huacha kijitundu cheusi, na kupitia hapo anapumua na kumwaga mayai. Mayai huanguka vumbini, yakaanguliwa, na baada ya wiki 3 hivi funza wapya wako tayari. Yule aliye ndani ya ngozi hufa hapo hapo baada ya wiki 4 hadi 6.

Funza hachagui mtu wala mnyama. Nguruwe, mbwa, paka, mbuzi na panya wote wanampokea. Huko Bugiri, mashariki mwa Uganda, watafiti waliokagua mifugo ya vijijini walimkuta funza kwa nguruwe hasa, na pia kwa mbuzi na mbwa. Kwa hiyo kijiji kinaweza kutibu miguu ya watoto wote leo, na mwezi ujao wakawa nao tena, kwa sababu mbwa anayelala mlangoni hakutazamwa nyayo.

Msichimbe funza kwa pini moja inayozunguka nyumba nzima. Pini hiyo inaweza kupitisha homa ya ini aina ya B na virusi vya UKIMWI, na kidonda kinaweza kuingia pepopunda. Ulizeni kituo cha afya kuhusu chanjo ya pepopunda. Msipake mafuta ya taa wala dawa za shambani.

Dawa nzuri ipo. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa mashambani hapa Kenya. Watoto walitiwa pamanganeti mguu mmoja, na mguu wa pili ukapakwa mafuta ya dimetikoni. Baada ya siku 7, karibu funza 8 katika kila 10 walikuwa wamekufa kwenye mguu wa dimetikoni. Kwenye mguu wa pamanganeti ni kama 4 tu katika 10. Mafuta haya hayana sumu. Humziba funza pumzi. Ulizeni kwa mhudumu wa afya ya jamii kama yanapatikana kwenu.

Kuzuia kunaanzia sakafuni. Vumbi kavu ndilo kitanda cha funza. Saruji ni bora, lakini kama pesa hazijapatikana, udongo ulioshindiliwa na kusirbwa vizuri, usio na nyufa, ni afadhali sana. Nyunyizeni maji kabla ya kufagia. Ogeni miguu kwa sabuni kila jioni na mkague vidole vya watoto na vya wazee, ambao hawawezi kujiinamia. Mifugo isilale chumba kimoja na watu. Na mtoto apate viatu.

WENGINE WA KUJUA

Mnyoo atambaaye chini ya ngozi. Huyu ni mchango wa mbwa na paka. Mayai hutoka na kinyesi, na mtoto akicheza kwenye mchanga wenye unyevu, kiluwiluwi humwingia. Huonekana kama uzi mwekundu unaojipinda na kusogea siku kwa siku, nao huwasha sana. Hutokea hasa pwani na penye mchanga wa kujengea. Kituo cha afya kina dawa ya vidonge. Mpeni mbwa dawa ya minyoo, na mfunike lundo la mchanga.

Nzi anayetaga kwenye nguo mbichi. Hutaga mayai kwenye nguo zilizoanikwa kivulini au chini, na kwenye mchanga wenye mkojo. Kiluwiluwi huingia ngozini na kuleta jipu lenye tundu. Mbwa na panya hupata pia. Anikeni juani kwenye kamba, na pigeni pasi ya moto nguo na nepi, hata kwenye mishono.

Utitiri wa kuku. Hujificha kwenye nyufa za banda mchana na kunyonya kuku usiku. Kuku wakitoka au wakiuzwa, wadudu huja kwa watu walio karibu na kuwauma. Hawawezi kuishi kwa mtu. Dawa iko bandani: zibeni nyufa, ondoeni matandiko, na muulizeni afisa wa mifugo dawa ya kupuliza. Msijengee banda la kuku kwenye ukuta wa chumba cha kulala.

Mashilingi. Hii si mdudu bali ni ukungu. Tumeitaja kwa sababu hufanana na upele, na hutoka pia kwa ndama, paka na mbwa. Huwa na umbo la duara. Dawa yake ni nyingine kabisa, na dawa ya upele haitaiponya. Wasusi wetu waoshe vitana kwa sabuni na maji ya moto kila wakimaliza mteja.

MSIONE HAYA

Mwaka 2014 Wizara ya Afya ya Kenya ilitoa mwongozo wa taifa wa kuzuia funza. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza upele na magonjwa kama haya ya ngozi katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahaulika. Na ile dawa ya ivermektini, iliyotokana na kiini kilichopatikana katika udongo wa Japani, iliwapatia wagunduzi wake, Satoshi Ōmura na William Campbell, tuzo ya Nobel mwaka 2015. Ilianza kama dawa ya mifugo, ndipo ikafika kwa watu. Ikiwa wakubwa wa dunia wanaujadili mwasho huu bila haya, kwa nini sisi tunong'one nje ya mkutano?

KAZI YA KIKUNDI KABLA YA MKUTANO UJAO

1. Kila mwanachama aangalie wanyama wake wote: masikio, viwiko, nyayo. Aandike wangapi wanajikuna au wana magamba.
2. Hesabuni nyumba ambamo mifugo hulala na watu, na nyumba zenye sakafu ya vumbi. Chagueni moja, hasa ya mjane au mzee, mkaishindilie sakafu pamoja siku moja.
3. Wekeni kiasi kidogo cha akiba kiitwe mfuko wa mifugo, cha kumwita afisa na kununua dawa ya pili isicheleweshwe.
4. Mtembeleeni yeyote aliyeacha kuja mkutanoni kwa sababu ya ngozi. Msimpelekee mahubiri. Mpelekeeni sabuni, mketi naye, na mumwulize swali la yule muuguzi: "Nyumbani kwenu mna mnyama gani?"

Mambo ya kukumbuka: Mtibu mtu, mtibu mnyama, safisha banda. Ukiacha moja, umeacha yote. Na asitengwe mtu yeyote kabla ya kujulikana chanzo.

Tuandikieni mtueleze mlivyofanya, hata kama mambo hayakwenda vizuri. Vikundi vingine vitajifunza kutoka kwenu.